Baiskeli ya Mahari na Mlima Shusha Watu

Jumapili, 4 Desemba 1994

Hili sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si padri. Nampenda mlima.

Si mtu. Mlima. Uko ng'ambo ya kivuko, baada ya Sengerema, kwenye barabara ya Geita. Madereva wanauita Shusha Watu. Basi likifika pale kondakta hushusha abiria wote wapande kwa miguu, kisha basi lenyewe linapanda tupu, likikohoa. Nilishushwa pale nikiwa kidato cha pili, tukienda msibani. Watu wote waliinama na kulaani vumbi. Mimi niliinua macho. Barabara nyekundu inajizungusha kwenye majabali, inapotea, inatokea tena juu zaidi, mpaka inaingia mawinguni! Nilisahau kwamba tunakwenda kulia.

Tangu siku ile nataka kitu kimoja. Kuupanda kwa baiskeli toka chini mpaka juu, bila kuweka mguu chini. Nikifika juu sitaki chochote. Nitatazama tu.

Jambo kama hili humwambii mtu. Atauliza: unakwenda kubeba nini? Hapa Mabatini, Mwanza, baiskeli hupanda mlima ikiwa na mkaa, maji au mgonjwa.

Sasa sikiliza. Kaka Obedi anaoa. Mchumba wake, Rose, anatoka kijiji kilicho nyuma ya mlima ule ule! Ng'ombe wameshapelekwa. Imebaki baiskeli mpya ya baba yake, Mzee Chenge. Iko sebuleni kwetu sasa hivi. Ya Kichina, nyeusi, bado imevaa karatasi zake. Baba anasema zamani ilibidi uwe na kibali na umjue mtu. Siku hizi maduka ya Mirongo yamezipanga mpaka barazani. Jumamosi lazima ikabidhiwe. Halafu Januari mimi napelekwa Meatu kwa Mama Mkubwa kujifunza cherehani. Meatu! Nchi imelala kama mkeka.

Kwa hiyo ni baiskeli hii, wiki hii. Au basi tena.

Wamepanga kuifunga juu ya basi. Nimemnong'oneza Mama kwamba juu ya basi itachubuka. Mama amemwambia Baba. Baba amekubali mara moja! Akasema basi Baba Mdogo Ngosha, kwa kuwa ndiye mshenga, ataiendesha yeye.

Ndiyo faida ya kutumia akili.


Jumatatu, 5 Desemba

Mpango wa pili: magoti ya Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni mnene na anajipenda. Asubuhi nilimwamkia, nikamuuliza magoti yanaendeleaje. Akacheka, akasema magoti gani? Mchana nikampa pole. Akayatazama. Jioni alikuwa anachechemea, na Mama anamchua kwa mafuta ya moto. Nilijiona mtu hatari sana.

Kumbe! Baba Mdogo akatangaza kuwa kwa magoti haya hawezi tena kutembea, kwa hiyo baiskeli ndiyo itamfaa.

Aliyeniokoa ni Baba. Alizitazama spring za kiti, akamtazama mdogo wake, akasema, "Ngosha, wewe peke yako ni mtu na mkewe. Mzee Chenge atapokea baiskeli iliyokalia mkia." Akauliza nani mwepesi kuliko wote humu ndani. Mama akasema ni Justa, lakini Justa hajui baiskeli.

Nikasema najua. Nilisema polepole sana, ikabidi waniulize upya.

Mama alishtuka, msichana barabarani? Baba akajibu kwamba siku hizi ni soko huria. Sijui alikuwa na maana gani, lakini Mama alirudi kwenye kuchua magoti. Imeamuliwa: mimi naendesha mpya, Baba Mdogo ananisindikiza kwa ya kwake kuukuu, suti yake ya ushenga ikiwa kwenye keria. Obedi haendi, hajaitwa ukweni. Wote wakageuka kunitazama. Nilikimbilia jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.


Jumatano, 7 Desemba

Siri nyingine ndogo. Najua kuendesha, sijui kupanda.

Nilijifunza kijijini kwa Bibi, kwa baiskeli ndefu ya Babu, mguu mmoja nimeupitisha chini ya lile bomba la katikati, mwili wote pembeni kama nguo iliyoanikwa. Kukaa kwenye kiti naweza pia. Tatizo ni kufika huko kwenye kiti. Nahitaji jiwe la kukanyagia.

Mwanza hilo si tatizo. Mungu alipomaliza kuumba dunia, mawe yaliyobaki aliyamwaga hapa. Leo nimezunguka jiwe kwa jiwe mpaka Mirongo na kurudi, nimevaa suruali ya zamani ya Obedi ndani ya sketi, karatasi za baiskeli zikilialia. Nimeanguka kidogo tu. Baiskeli iliniangukia mimi, haikuchubuka. Nashukuru.

Lakini nakumbuka vizuri Shusha Watu. Majabali yako mbali na barabara, nyuma ya mtaro. Nikishuka katikati, sipandi tena. Nitasukuma kama watu wote, na mwisho wa hadithi.

Sina hamu ya kula.


Alhamisi, 8 Desemba. Sengerema

Nimefika! Naandika nikiwa kwenye kitanda cha binamu yake Mama. Miguu si yangu.

Tuliondoka alfajiri. Nyegezi tukayakuta mabasi yanawasha, Buhongwa jua likatoka. Baba Mdogo mbele, tai shingoni tayari. Mimi nyuma, keria tupu.

Hapo ndipo nilipokosea. Keria tupu! Sikujua kuwa keria tupu ni kama mkono ulionyooshwa. Mama mmoja wa Buhongwa akanisimamisha kwa macho tu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniita mwanangu, akauliza naelekea wapi, na kabla sijamaliza kusema Sengerema kuku jike alikuwa ameshafungwa nyuma yangu. Ni wa dada yake, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga. Sikuweza kukataa. Sijawahi kukataa kitu chochote mbele ya mtu mzima.

Kuku alikuwa mwanzo tu. Usagara wakaongeza mfuko wa matobolwa, viazi vikavu vya nani sijui. Karibu na kivuko, viatu vya mtoto na ujumbe kwamba Teodora amejifungua salama. Kila kilima kidogo nilikipanda na mji mzima mgongoni. Ikabidi nishuke na kusukuma, nishuke na kusukuma, na kila mara nitafute jiwe, kuku akinisema. Baba Mdogo hakupewa hata yai. Keria yake ilikuwa na suti.

Lakini kivuko! Tuliingia Kigongo, nikasimama ukingoni na baiskeli yangu. Maji yakawa ya kijani, halafu meusi, halafu yakang'aa mpaka nikafumba macho. Nyuma kulikuwa na mawe ya kwetu, yamepandana bila kuanguka, na mbele vilima vya upande wa pili, kimoja nyuma ya kingine, cha mwisho kabisa rangi ya moshi. Nilijiuliza kama ni yeye, mlima wangu. Nikasahau kushuka. Mpiga filimbi akaniuliza kama nimenunua kivuko.

Nimegawa kila kitu. Dada wa yule mama amemchukua kuku akanipa ndizi. Habari za Teodora zilipigiwa vigelegele.

Lakini kesho ndiyo kesho. Kwa mizigo namna hii Shusha Watu siupandi. Binamu ya Mama ameshauliza kama keria ina nafasi.

Nimepata mpango.


Ijumaa, 9 Desemba. Sikukuu ya Uhuru

Nitaeleza kwa utaratibu.

Mpango ulikuwa huu. Niliazima kikapu chenye mfuniko. Ndani nikaweka mkanda wa Baba Mdogo, nimeuviringisha ili kikapu kisionekane tupu. Nikafunga kwa kitambaa chekundu. Mtu akiuliza nimebeba nini, nitajibu: nyoka.

Ni mpango mzuri! Huku Usukumani kuna wacheza ngoma wa nyoka, kwa hiyo si uongo wa ajabu. Hakuna atakayetaka kuku wake akae karibu.

Ulifanya kazi kupita kiasi. Binamu ya Mama alikuwa na debe la mawese mkononi. Akarudi nalo ndani. Sokoni mwanamke mwenye furushi alikuja akitabasamu, nikamnong'oneza, akaondoka bila furushi kugusa chini. Mtu mmoja aliinua kofia. Nilijisikia mrefu! Baba Mdogo alikuwa anatafuta mkanda wake nyumba nzima, akasema nitangulie, atanifuata.

Mwisho wa mji, karibu na uwanja, ngoma za sikukuu zilikuwa zimeanza. Mzee mmoja mwenye shanga na njuga miguuni akasimama katikati ya barabara, akafungua mikono. Amesikia kuna binti mwenye nyoka. Akajitambulisha, Mzee Mhoja, kiongozi wa ngoma. Akaniuliza mwalimu wangu ni nani. Nikatazama chini. Akawaambia wenzake kwa furaha: mnaona? Amefundishwa kunyamaza!

Akaomba kumsalimia nyoka wangu. Sikuweza kukataa.

Akafungua mfuniko. Akautazama mkanda. Akanitazama mimi. Akautazama mkanda tena, hasa kile chuma chake. Nilitaka ardhi ipasuke. Kisha akasema taratibu, "Vizuri. Kwa hiyo nafasi ipo."

Jamani!

Alieleza kwamba juu ya Shusha Watu, kijijini, kuna mwenzake, Bi Kija, ambaye leo anapaswa kucheza naye hana nyoka, wake anajivua ngozi na hataki watu. Tangu jana Mzee Mhoja anabembeleza makondakta wamchukue mmoja. Wanakataa, hata akikubali nyoka alipiwe nauli kama mtu. Na sasa Mungu ameleta binti mwenye baiskeli, kikapu na kitambaa chekundu.

Alimtoa chatu kwenye gunia kama mtu anavyotoa kamba. Mnene kama mkono wa Baba Mdogo. Akanirudishia mkanda, akamkunja chatu kikapuni, akafunga. Akanipa maelekezo. Amekula juzi, hana habari na mtu. Akitikiswatikiswa analala kama mtoto mgongoni. Ila nisisimame njiani. Nikisimama ataona kimya, na kimya humwamsha, atatoa kichwa kuchungulia.

Mzee Mhoja mwenyewe ndiye aliyenishikia baiskeli nikapanda.

Sikusimama. Hata kukohoa sikukohoa. Barabara ilikuwa tupu, watu wote wako kwenye sikukuu. Nilipita mashamba ya mihogo na vilima ambavyo siku nyingine ningeviogopa. Sikuvitazama. Nilikuwa nasikiliza kikapu.

Halafu kona moja, na huyo hapo.

Nilikuwa nimemkumbuka mdogo! Alijaza mbele yote. Mawe yake meusi kwa mvua ya usiku, miti imejishikiza kwenye nyufa, na ile barabara nyekundu inapanda, inapotea, inatokea. Juu kabisa wingu limekaa kama kofia. Nilisema shikamoo. Kweli nilisema kwa sauti. Hapo nyuma yangu kitu kikajisogeza kikapuni, nikakanyaga pedeli kwa nguvu zote.

Kona ya kwanza nilikaa kwenye kiti. Ya pili nilisimama juu ya pedeli. Baada ya hapo sijui nilifanya nini. Usukani ulikwenda huku na huku kama ng'ombe anayevutwa mnadani. Pale mabasi yanaposhusha watu pana mchanga. Gurudumu la nyuma likazama, baiskeli ikasimama. Ilisimama kabisa! Mguu wa kushoto ukaanza kwenda chini wenyewe. Nikahisi kimya cha kikapu. Nikafikiria kichwa kikichungulia chini ya kitambaa, karibu na kiuno changu. Mguu ukarudi juu wenyewe. Gurudumu likatoka.

Nililia. Nilisali. Nilimwahidi Mungu kushona nguo zote za Meatu.

Kisha, nikiwa nimeinama macho kwenye gurudumu, nikaliona vumbi linaanza kupita kirahisi. Pedeli zikawa nyepesi. Nikafikiri cheni imekatika. Haikukatika. Mlima ulikuwa umekwisha.

Kulikuwa na jabali pembezoni, nikaliegemea, nikashuka. Na nikatazama.

Sijui niandikeje. Milima imelala mpaka mwisho wa macho kama ng'ombe waliokwisha kunywa maji. Vivuli vya mawingu vinatembea juu yake polepole, vinapanda, vinashuka, havichoki. Na kule nyuma kabisa, jembamba kama ukingo wa sahani, ziwa! Ziwa letu. Upepo ulikuwa unatoka huko. Nilisimama na mdomo wazi kama mtoto, sikufikiria nyoka, wala Meatu, wala mimi mwenyewe.

Sauti ikauliza nalilia nini. Ni bibi mmoja, kiko mdomoni, ametoka nyuma ya jabali. Bi Kija. Nikasema vumbi. Akafungua kikapu, akamnyanyua chatu kwa mkono mmoja, akacheka mpaka kiko kikazimika. "Amelala huyu! Mwenzako hajui hata kama kuna mlima!"

Akaniuliza kama nimepanda wote nikiwa juu ya baiskeli. Nikatikisa kichwa kukubali. Alikwenda ukingoni na chatu wake shingoni, akaitazama barabara kona kwa kona mpaka chini. Alirudi, akaniwekea kiganja kichwani. Kizito, cha moto. Akakiacha hapo muda.

Halafu akasema, maadamu kikapu sasa ni tupu, nikirudi Sengerema nimletee tumbaku.

Baba Mdogo alifika baadaye sana akisukuma, suruali kaishika kwa mkono. Nikampa mkanda wake. Nilimwambia nimepanda bila kushuka. Alisema jua limenipiga.


Jumamosi, 10 Desemba. Kwa Mzee Chenge

Tumekabidhi. Naandika nyuma ya ghala, wengine wanakula.

Mzee Chenge aliizunguka baiskeli mikono nyuma. Alipiga goti, akazungusha pedeli, akakwaruza tope jekundu kwa ukucha. Kwenye keria akaokota nyoya la kuku, akalinyanyua lionwe na wazee wote. Akauliza kwa upole: hii ndiyo baiskeli mpya?

Baba Mdogo alisimama, suti, tai, mkanda. Alizungumza kama wakili. Alisema ni mpya kabisa, karatasi zake hizi hapa. Kwenye tambarare aliikalia binti huyu, mwepesi kama nyoya hilo hilo. Na mlimani? Mlimani ilisukumwa. Kwa mkono. Hatua kwa hatua. Nani atie mahari ya watu kwenye Shusha Watu?

Wazee wakaguna. Mmoja akasema kwamba kuna kijana alisema amemwona mtu juu ya baiskeli kwenye ile kona ya mchanga.

Mzee Chenge akanigeukia. Akaniita mwanangu. Akaniuliza, mlimani ulikaa juu au ulisukuma?

Mara ya kwanza katika maisha yangu watu wazima wote wananitazama na mimi nina jibu! Lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamwona Rose mlangoni, kitenge kipya, vidole ameviuma. Nikaona nikisema nilikaa juu, baiskeli itakuwa kuukuu, na Baba Mdogo mwongo, na Obedi atasubiri mwaka mwingine.

Nikasema nilisukuma.

Mzee Chenge akatabasamu. Akasema: nilijua, mlima huo haupandwi. Vigelegele. Wakaja kuniletea soda, eti pole kwa kusukuma.

Jioni wifi yangu Rose alinifuata hapa. Akanong'ona, wifi, kweli ulisukuma? Nilimtazama tu. Akashika mdomo. Akasema amezaliwa chini ya mlima huu na hajawahi hata kuufikiria. Kisha akauliza kulikoje juu. Nikajaribu kumwambia habari za vivuli. Tukakaa wote wawili, tukitazama wingu linavyotua kichwani pa mlima.

Kesho tunarudi kwa basi. Wataniteremsha mlima ule ule nilioupanda, nimekaa dirishani kama kifurushi. Baiskeli iko ndani kwa Mzee Chenge, ameifunika kwa shuka.


Jumatatu, 12 Desemba. Mabatini

Makubwa! Kondakta ameleta ujumbe kutoka kwa Mzee Chenge. Baiskeli haina kengele. Iliwasili nayo, wazee waliiona, na asubuhi walipoamka haipo. Hana neno, lakini baiskeli ya mahari isiyo na kengele ni nusu baiskeli, na nusu mahari ni nusu mke.

Nyumba nzima imechafuka. Obedi hali. Baba amemuuliza Baba Mdogo aliikazaje. Baba Mdogo anaapa kwa magoti yake. Wamekubaliana kununua nyingine Mirongo na kuipeleka haraka, kabla wazee hawajabadili mawazo. Lakini nani aende? Baba Mdogo amelala chali na amesema hata kwa ndege haendi. Baiskeli yake kuukuu ipo, lakini inamhitaji mtu mwepesi.

Nikasema, "Mimi naweza." Safari hii walinisikia mara moja.

Naondoka keshokutwa. Baiskeli yake ni nzito kuliko ile na breki ni ya nyuma tu, kwa hiyo itakuwa vizuri zaidi. Nimeshafikiria pia habari ya keria. Kosa langu nimeligundua: nyoka ana marafiki wengi mno. Safari hii kikapu kitakuwa tupu kabisa, na mtu akiuliza nitasema ni nyuki. Nani ampelekee mwenzake nyuki?

Wewe unayesoma, nakuomba kwa heshima zote. Mlimani nilisukuma. Ndivyo ilivyokubaliwa mbele ya wazee, na ndoa ya watu imekaa juu ya neno hilo. Na hiki kitu kigumu cha mviringo ndani ya mto wangu, kinacholia kidogo nikigeuka, hujakisikia. Usimwambie mtu.